Kipimo cha Mkono wa Mama

Birmingham, Jumapili alasiri

Ndugu yangu Ouma,

"Mama ameipokea bangili, sista. Imemkaa sawasawa. Haivui hata akienda kuoga, na kila mgeni akija anamwonyesha."

Hayo ni maneno yako, uliyonitumia kwenye simu wiki tatu zilizopita. Nimeyatanguliza kabla ya salamu kwa sababu nataka uyaone yameandikwa kwa wino, mahali ambapo huwezi kuyafuta. Sasa nayajibu. Mama hajaipokea bangili. Haijamkaa, si sawasawa wala kombo, kwa kuwa haijawahi kuugusa mkono wake. Kama kuna mtu asiyeivua akienda kuoga, mtu huyo si mama yetu. Na hao wageni wanaonyeshwa na nani, ikiwa mwenye mkono hajalala Rangwe tangu mahindi ya mvua ndefu yalipokuwa yakipaliliwa?

Baada ya hayo, habari za nyumbani? Mguu wako unaendeleaje tangu ile ajali ya pikipiki? Nauliza kwa moyo, si kwa kejeli, maana wewe ni kitinda mimba na mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Lavender amefunga shule? Lile paa la jikoni lililokuwa likivuja mlishaliziba? Mimi ni mzima. Baridi bado haijafika kwenye mifupa, na kazi ni ile ile: asubuhi nawaosha wazee wa watu, nawakausha katikati ya vidole vya miguu, nawachana nywele, na watoto wao wakija Jumamosi wananiambia asante kwa kumtunza mama yetu. Nataka ulikumbuke neno hilo utakapofika chini.

Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya jikoni kwetu. Mama alitoka Kehancha na Kikuria chake, Baba alikuwa hapo Rangwe na Kijaluo chake, na hakuna aliyekubali kushindwa. Tukalelewa kwa lugha ya sokoni. Ni lugha nzuri ya kugombania, na leo nitaitumia.

Unajua nilivyoianza kazi hii ya kufua fedha, lakini naieleza tena kwa sababu nataka barua hii isomwe mbele ya wengine, na wao hawajui. Mwaka jana nilichoka na maneno. Tangu nilipokuwa mwalimu pale Homa Bay nimekuwa mtu wa kuandika kwenye magazeti, kumjibu huyu na kumkosoa yule, na kila nikijibu, anatokea mwingine anajibu jibu langu. Nikatamani kitu ambacho ukikikosea kinakuonyesha kosa lako hapo hapo, hakibishani. Nikaona tangazo la darasa la Jumamosi asubuhi, la kufundisha watu wasiojua lolote kutengeneza pete na bangili. Tulikuwa sita. Mwalimu ni mzee mmoja anaitwa Derek, aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote na sikio lake moja halisikii.

Siku ya kwanza niliyeyusha kipande changu kikawa gololi. Niliuelekeza moto mahali pamoja muda mrefu, nikawa naangalia mwali badala ya kuangalia fedha, na fedha ikajikunja mbele ya macho yangu ikawa duara. Siku ya pili niliunguza kidole gumba. Wiki ya tatu nilifanikiwa kutoa pete ambayo ilisimama mezani kwa kuegemea upande mmoja, nikaivaa siku nne mpaka kidole kikawa cha kijani, kwa kuwa nilikuwa nimechukua kipande cha shaba kwenye sanduku la mazoezi nikidhani ni fedha iliyochafuka. Nilicheka peke yangu ndani ya basi. Sikuwa nimecheka namna ile tangu tumzike Baba.

Ukanipigia. "Sista, mwanamke wa miaka hamsini na tatu unaenda shule ya kutengeneza heleni? Hiyo si kazi ya vijana wanaouza cheni pale stendi Homa Bay? Watu wakiniuliza dada yako msomi anafanya nini, nitasema nini?" Nikakwambia sema ni mhunzi. Ukasema neno ambalo sijalisahau: "Kwetu hakuna wahunzi."

Ouma, tuseme ukweli mbele ya watakaosomewa. Baba yake Mama, Mzee Chacha wa Kehancha, alikuwa mhunzi. Alifua majembe, mikuki, visu na zile pete nzito za miguuni ambazo wanawake wa zamani walivaa. Mama akiwa mtoto ndiye aliyekuwa akivuta mivukuto ya kupulizia moto. Lakini kule Bukuria, mji wa mhunzi uliogopwa. Walichukua majembe yake kwa mikono miwili na kukataa kumuoa binti yake kwa midomo yao yote. Wengine walisema ukioa kwa mhunzi, moto unakufuata. Ndiyo maana Mama akaolewa mbali, upande wa pili wa mipaka ya lugha, na Baba akawaambia ndugu zake kuwa mkwe wake ni mfugaji. Mama alikuja Rangwe na nyundo ya baba yake na fuawe dogo, kile chuma cha kufulia vyuma juu yake, vimeviringishwa kwenye gunia, akavisukuma chini ya kitanda, na pale vikakaa miaka yote. Sisi watoto tulijua. Tulifundishwa kutojua.

Na mimi sitajiweka kando. Nilipokuwa darasa la sita pale Homa Bay, mwalimu aliuliza babu zetu walikuwa wakifanya kazi gani, nikasimama nikasema babu yangu wa Kehancha analima tumbaku. Nilisema kwa sauti safi, bila kutetemeka. Kwa hiyo ninapokushika shati leo, jua kwamba naufahamu uongo huu kwa sababu nimeuvaa kabla yako.

Nilipomwambia Mama kwenye simu kwamba ninajifunza kufua fedha, hakuniuliza kwa nini. Aliuliza, "Unaishika nyundo wapi?" Nikamwambia katikati ya mpini. Akasema, "Unainyonga. Shika karibu na mwisho, iache ijiangukie yenyewe."

Ndivyo masomo yetu yalivyoanza. Kila Jumapili baada ya ibada kwenu, mimi nikiwa nimeweka kigogo mezani jikoni, naiweka simu kando yake na kupiga fedha kwa nyundo. Mama alikuwa akisikiliza kutoka Rangwe. Napiga, napiga, mara anasema, "Acha. Kimechoka. Kirudishe motoni." Nikimuuliza amejuaje na haoni, ananiambia, "Hukusikia? Mwanzo kilikuwa kinasema du, du. Sasa kinasema ting." Na kweli, fedha ukiipiga sana inakuwa ngumu, usipoilainisha kwa moto inapasuka. Derek alitufundisha kuitambua kwa mkono, kwa jinsi nyundo inavyorudi. Nilipomweleza kwamba kuna mwanamke mwenye miaka themanini na kitu anayeitambua kwa simu, kutoka Kenya, alivua miwani akaifuta, akasema angependa kuwa na masikio ya aina hiyo hata moja.

Katika masomo hayo Mama aliutoa ule mzigo chini ya kitanda. Alitaka kuniambia urefu wa mpini, na uso wa nyundo umeliwa upande gani. Akalifungua lile gunia, akaweka nyundo na fuawe juu ya meza ya sebuleni, na hakuvirudisha. Aliniambia, "Vimelala vya kutosha." Lavender alikuwa akivipangusa kwa kitambaa. Mimi nilifurahi. Sikujiuliza wewe unavitazama kwa jicho gani kila ukinywa chai.

Kisha pikipiki ikateleza ukaumia mguu, na baada ya hapo simu ya Mama ikaacha kuingia. Ukaniambia imeingia maji. Nikakwambia basi nipe yako niongee naye. Amelala. Jumapili iliyofuata, ameenda kuchuma mboga. Iliyofuata, sauti imekauka, daktari amemkataza kusema. Nikaamini, Ouma. Mimi ambaye nimewaumbua wanasiasa kwa koma iliyokaa vibaya, nikaamini kwamba mama yangu amekatazwa kusema.

Nikiwa katika kuamini huko, nikaamua kumtengenezea bangili. Nikakuomba kitu kimoja tu: chukua uzi, mfunge Mama mkononi, pale mkono unapokuwa mnene kwenye mfupa wa gumba, ukate, umpe yule nesi wa Oyugis tunayefanya naye kazi, maana alikuwa amekuja nyumbani kwa mazishi. Uzi ukafika. Mweupe, umekatwa vizuri. Nilipoulaza juu ya rula niliona ni mrefu kuliko nilivyotarajia, nikafurahi. Nikasema moyoni, kumbe Mama amenenepa, Ouma anamlisha.

Ilinichukua Jumamosi nne. Nilikata ukanda kwa ule msumeno mwembamba kama unywele, ikanikatikia misumeno saba. Nikaukunja, nikakutanisha ncha, nikalehemu. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza: niliweka fedha ya kuungia nyingi mno, kwa woga, ikafura kwenye kiungo kama chunjua. Derek akaniambia rudi na tupa, isugue mpaka ikae sawa. Nikamwambia posta inafunga saa sita mchana. Kosa la pili nikalifanya nikiharakisha, nyundo ikaniteleza, ikaingia kwa ukingo wake na kuacha alama ndogo ya mviringo kama jicho la omena, wale dagaa wetu wa ziwani. Haikutoka. Nikaifunga hivyo hivyo, nikaituma kwenye sanduku lako la Homa Bay. Ukanijibu yale maneno niliyoyaandika juu.

Wiki iliyopita wifi yangu Mama Lavender aliweka picha kwenye simu, mkutano wa akina mama pale Homa Bay mjini. Vitambaa vya samawati, mikono juu, wanaimba. Niliitazama kwa furaha ya mtu aliye mbali, nikitafuta nyuso. Ndipo nikaona mkono wake. Nikaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikawa kubwa. Chunjua. Na kando yake, upana wa ukucha mmoja, jicho la omena.

Msomi akikosea kwenye karatasi anaweza kusema aliyechapa ndiye aliyekosea. Kosa la nyundo ni la mkono mmoja tu. Naijua bangili yangu kama ninavyokijua kidonda changu. Na ilimkaa, Ouma. Hapo hukudanganya. Ilimkaa wifi kana kwamba amezaliwa nayo, haikupwaya wala kumbana. Nikautafuta ule uzi kwenye droo nikautandaza mezani, nikautazama muda mrefu, na nikaelewa ulifungwa mkono wa nani.

Sikukupigia wewe. Nilimpigia Mjomba Mwita, Kehancha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo umewakumbuka watu wa mpakani?"

"Nauliza kama mna habari za Mama."

"Habari gani tena? Si yuko hapa anatoa mawe kwenye maharage."

"Anafanya nini hapo?"

"Nimekwambia, anatoa mawe kwenye maharage. Boke! Njoo, kuna Mzungu anakutafuta."

Nikasikia ungo ukiwekwa chini, na miguu ikija polepole.

"Ni nani?"

"Mimi Akoth, Mama."

"Akoth gani? Ninayemjua hunipigia kila Jumapili."

"Mama, nimepiga. Ouma anasema umelala."

"Nimelala miezi mitano? Hiyo haiitwi kulala."

 Mama akaanza kunieleza, na ninakuandikia alivyosema, bila kuongeza chumvi, maana chumvi mlikwisha kuimwaga wenyewe sebuleni siku ya maombi.

Alisema mlileta kikundi cha maombi, watu saba na ngoma, kwa ajili ya mguu wako. Wakaimba mpaka kuku wakahama. Kiongozi wao akasimama katikati ya nyumba akanusa hewa kama mbwa wa polisi, akasema kuna chuma ndani ya nyumba hii kinachokula watoto wa nyumba hii. "Nikamwambia," Mama alisema, "kiko mezani baba, hata hukuhitaji kufunuliwa. Umekiwekea Biblia yako juu." Watu wawili wakacheka. Kiongozi hakucheka. Akauliza ni cha nani. Mama akajibu, cha baba yangu, aliyekuwa mhunzi. Mara ya kwanza kulitamka neno hilo katika mji wa mume wake, na alilitamka mbele ya watu saba na ngoma yao.

Nikamuuliza, "Na Ouma alisemaje?"

"Hakusema. Alibeba. Mguu ulikuwa unamuuma hata kwenda chooni ashikwe mkono, lakini fuawe alilibeba mpaka nje."

Asubuhi yake Mama akapanda bodaboda na mfuko mmoja wa nguo, simu yake ikabaki kwenu. Ulikuwa umelala, kweli safari hii. Walipopita soko la Rangwe alimwona yule mwenye vyuma chakavu, pale kwenye kona: amekaa juu ya fuawe la Mzee Chacha anakunywa chai, na nyundo imezuia turubai lisipeperuke. Akamwambia kijana wa boda asimame. Kijana akasema, "Mathe, fanya haraka, nina mteja Homa Bay." Mama akashuka, akaishika nyundo, akasimama nayo.

"Mama, hiyo nimenunua kwa kilo," yule mtu akasema.

"Mimi sikulelewa kwa kilo. Nililelewa kwa hii."

Hakugombana zaidi. Alisimama tu, ameishika, mpaka watu wakajaa, mpaka kijana wa boda mwenyewe akaanza kumwombea. Mtu mmoja akasema huyu ni mtoto wa mhunzi, mwachie, usije ukajuta. Yule mfanyabiashara akasema, "Chukua, mama, chukua uende, sitaki mambo."

"Hiyo ndiyo faida niliyopata kwa jina hilo maisha yangu yote," Mama akaniambia, na akacheka kidogo. "Lakini fuawe sikuliweza. Na nyundo bila fuawe ni rungu la kufukuzia fisi."

Nikamuuliza kuhusu bangili.

"Bangili gani?"

Nikamweleza. 

"Uliifua mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Ina kosa?"

"Ina makosa mawili."

"Basi ni yako kweli. Kipimo ulipata kwa nani?"

 Nikamwambia mtandao unasumbua. Unaona? Hata mimi, siku ile ile, nilikuwa tayari kumdanganya ili usidharaulike.

Ouma, najua utetezi wako, kwa hiyo nikuondolee kazi ya kuuandika. Utasema ulikuwa mgonjwa na mgonjwa hushika chochote. Hiyo naielewa. Utasema ulinificha ili nisipate shinikizo la damu nikiwa mbali. Hiyo ni takataka. Ulinificha kwa sababu mjane aliyerudi kwao ni aibu kwa mwana aliyebaki na boma, na ulitaka kila mtu, nikiwemo mimi, aendelee kuamini kwamba Mama yupo ndani, amelala. Wageni wakiuliza, amelala. Wazee wa ukoo wakiuliza, amelala. Umemlaza mama yetu miezi mitano angali anatoa mawe kwenye maharage.

Na utasema chuma kile kilikuwa na laana. Haya. Kila jembe lililolima shamba la Baba kabla hujazaliwa lilitoka motoni kwa mtu. Msumari uliopigiliwa kwenye jeneza la Baba ulitoka motoni. Sufuria unayopikiwa, wembe uliokukata kitovu, vile vyuma daktari alivyokuwekea mguuni ili usiwe kilema, vyote vilipita kwenye moto na nyundo. Laana ilichagua kuruka vyote hivyo ikakaa kwenye fuawe la mzee mmoja wa Kehancha ambaye kosa lake ni kuwa baba wa mama yako? Au kilichokuuma si laana, bali ni meza? Kwamba kwa miaka yote fuawe lilikuwa chini ya kitanda, na sasa liko mezani, na mgeni anaweza kuuliza?

Ninajua pia mnachosubiri, wewe na baba zangu wadogo. Siku Mama atakapofariki, hamtakaa hata usiku mmoja. Mtakodi lori na vipaza sauti, mtafunga matawi mbele ya magari, mtakwenda Kehancha mkiwa wengi kama jeshi, na mtamwambia Mjomba Mwita kwamba mke wa Rangwe hazikwi kwao, lazima alale kando ya mume wake. Mtatoa hotuba. Mtamwita nguzo ya boma. Mtambeba binti wa mhunzi kwa fahari yote ambayo mlishindwa kuipa nyundo yake. Na akiwa kwenye sanduku hatakuwa na la kusema. Hiyo ndiyo heshima mnayoijua: mnampenda mama wa watu akishanyamaza.

Mimi naosha wazee wa kigeni ili watoto wao wasisumbuke. Nilidhani huo ndio uchungu mkubwa kuliko yote. Kumbe kuna watoto walio chini ya paa moja na mama yao na bado wanahitaji kudanganya amelala.

Nisalimie Lavender, mwambie shangazi yake hajasahau kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipangusa fuawe. Nisalimie shangazi yetu anayeuza omena hapo sokoni, ambaye nina hakika alimwona Mama siku ile na akachagua kuhesabu samaki wake. Nisalimie jirani yetu mwalimu mstaafu. Ningependa yeye ndiye aisome barua hii kwa sauti, kwa kuwa anasoma bila kuruka mistari. Binamu yetu wa Takawiri mwambie zile picha za harusi nimezipata, bibi harusi ni mzuri na pete ni nyembamba mno, itakatika.

Sasa nawaambia nyinyi kwa majina ya nafasi zenu, asijifiche mtu nyuma ya mwenzake.

Wewe Ouma, nenda pale kwenye kona, ukalikomboe fuawe. Ulilibeba mguu ukikuuma, utaweza kulibeba ukiwa umepona. Usilitume kwa boda wala kwa mtu. Lipeleke mwenyewe mpaka Kehancha, uliweke mbele ya Mama, na ukiulizwa na watu wa njiani ni la nani, jibu.

Wewe wifi yangu, Mama Lavender, sikudai bangili. Ivae, ilitengenezwa kwa kipimo chako. Lakini siku Ouma alipokufunga uzi mkononi, ulimuuliza ni wa nini? Jibu hilo nipe mimi, kisha umpe Mama. Na uende na uzi mwingine. Mfunge kwenye mkono wake mwenyewe, fundo akaze yeye, ukate mbele yake, unitumie. Nina ukanda wa fedha umelala kwenye droo na sitaugusa mpaka uzi huo ufike.

Nanyi baba zangu wadogo, ndugu za marehemu Baba, ambao ndio mtakaokodi lori siku hiyo: msingoje siku hiyo. Kodini sasa. Nendeni Kehancha mkamwombe arudi wakati ana masikio ya kuwasikia, ana mdomo wa kuwatukana, na ana haki ya kuwafungia mlango. Kama atakubali, mmrudishe na nyundo yake, iwekwe mezani. Kama atawakataa, basi mmekataliwa, na siku atakayofariki msithubutu kumfuata. Nendeni angali anaweza kukataa.

Dada yako mkubwa,
Akoth, mjukuu wa mhunzi